"Jisaidie nami nitakusaidia" haimo kwenye Biblia

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi, eti Biblia inasema "jisaidie nami nitakusaidia", kwa hiyo jisafishe kwanza ndo Mungu akukubali. Jamani, huo mstari haupo. Fungua apu ya Biblia, tafuta hayo maneno, hutayakuta. Ni usemi wa zamani, hata Wagiriki walikuwa na hadithi kama hiyo ya mtu ambaye mkokoteni wake ulikwama kwenye matope, akaambiwa asukume kwanza ndo asaidiwe, na watu wanauchanganya na 2 Wathesalonike 3:10, asiyetaka kufanya kazi asile, ila pale inaongelewa uvivu, sio kuhesabiwa haki, yaani kukubaliwa na Mungu.

Soma Luka 18:9-14 taratibu. Farisayo anataja kufunga kwake mara mbili kwa wiki na zaka zake, mtoza ushuru kasimama mbali, hata macho hainui, anajipiga kifua anaomba rehema tu, na huyo ndo alirudi nyumbani amehesabiwa haki. Waefeso 2:8-9 nayo inasema wokovu ni kipawa, matendo mema yanakuja mstari wa 10.

Inaniuma maana kuna mtu kashindwa kabisa, anasoma hiyo meseji anaona mlango umefungwa. Tafadhali usiifowadi tena, ikitua kwenye grupu lenu weka Luka 18 chini yake.