Si mlima wa Newala unaombana mtoto kifua

Wiki hii mama wa tatu ameniambia yale yale: "Daktari, hewa ya Newala imemkataa mwanangu, nyepesi mno. Nimemleta Mtwara, baharini atapona." Pampu ya pumu iko wapi? Imebaki kwa bibi yake.

Inaniuma, maana imani hii inawaacha watoto bila dawa. Uwanda wa Makonde, ilipo Newala, haufiki mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa Mikindani pwani, Newala, hata kileleni Kilimanjaro. Kinachopungua ukipanda ni mgandamizo wa hewa, na Newala haujapungua hata moja ya kumi. Ugonjwa wa mwinuko huanza kusumbua watu kwenye mita 2,500 hivi.

"Mbona akishuka anapata nafuu?" Kweli anapata. Lakini mlishuka lini? Juni, Julai. Huo ndio msimu wa kupulizia mikorosho. Alfajiri upepo umetulia, mashine zinanguruma, vumbi la njano la salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, linatanda mpaka uani na kutua juu ya kanga zilizoanikwa. Salfa inachoma njia za hewa, na mwenye pumu hubanwa zaidi. Mmemtoa mtoto kwenye salfa, sifa mkaipa bahari. Tena nyumba za pwani zina unyevu, na wadudu wadogo wa vumbi la godoro wanaupenda. Wapo wanaozidiwa huku huku.

Siku ya kupulizia mtoto akae mbali na shamba, madirisha yafungwe, nguo za shambani zivuliwe nje. Pampu ya kila siku isikatizwe hata akionekana mzima. Na kwa mtoto mdogo, jamani, chupa ya maji ya nusu lita! Toboa kitako kitoshee pampu bila kuvujisha, mdomo wa chupa aubane kwa midomo, bonyeza mara moja, apumue humo mara tano au sita. Bila chupa, dawa nyingi huishia kooni. Nitalirudia hili kila siku.

Mengine kwa ufupi. Pampu hailetei mtu uteja. Kuacha kuni kwa ajili ya mkaa hakutoshi kama jiko bado liko chumbani. Na baridi ya kipupwe haileti kifua kikuu. Kinaletwa na bakteria, kwa hiyo ukikohoa wiki mbili, leta makohozi yapimwe.