Hesabu Mikorosho Yako Kabla Salfa Haijafika

Msimu wa kupuliza ukikaribia, swali ninaloulizwa zaidi na wakulima, kuanzia Tandahimba mpaka Nachingwea, ni hili: mbona jirani kapata mifuko mingi ya salfa kuliko mimi? Mara nyingi jibu limo kwenye daftari. Salfa, vumbi la kukinga mikorosho na ugonjwa wa ubwiri unga, pamoja na viuatilifu vya maji vya ruzuku husimamiwa na Bodi ya Korosho na kumfikia mkulima kupitia AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, kwa taarifa alizosajiliwa nazo. Taarifa nzito kuliko zote ni idadi ya mikorosho.

Mama mmoja wa Newala alikuwa bado anatambulika kwa jina la marehemu mumewe, na idadi iliyoandikwa ilikuwa miti 40 ya zamani hizo. Tulizunguka naye shambani. Kila mti alidondosha korosho moja kwenye kikapu, na tulipomaliza tukahesabu 84.

Sasa tupige hesabu. Kipimo kilichozoeleka ni robo kilo ya salfa kwa mti mmoja kila mzunguko, hadi mizunguko mitano. Mfuko wa kilo 25 basi unatosha miti 20 kwa msimu mzima. Miti 40 ni mifuko miwili. Miti 84 ni mifuko minne na kilo tano juu. Mgao hutegemea pia kiasi kilichopo, lakini huyu mama alikuwa ameshapungukiwa zaidi ya nusu kabla gari la pembejeo halijapakiwa.

Upungufu huo si mdogo. Ubwiri unga ni kuvu: hutanda kama majivu kwenye majani machanga na mashada ya maua, na ua lililokwisha kuungua halirudi. Salfa ni kinga. Inatakiwa iwe juu ya mti tangu maua yanapoanza kuchomoza, na ipulizwe alfajiri, umande ungalipo ili vumbi lishike na upepo haujaamka. Usisahau kufunika pua na mdomo.

Ndiyo maana roho inaniuma nikiona mfuko wa ruzuku unauzwa barabarani. Najua shida za nyumbani, ada na matibabu havisubiri mnada wa korosho. Ila mfuko ule ukiondoka, mikorosho 20 inabaki bila kinga, na kuvu huruka na upepo hadi kwa jirani aliyepuliza.

Kwa hiyo usisubiri gari. Nenda ofisi ya AMCOS na kitambulisho, omba usomewe taarifa zako: jina, kijiji, shamba, idadi ya miti. Shamba la urithi likiwa bado kwa jina la marehemu, pitia serikali ya kijiji kwanza mthibitishwe nani analitunza. Miti iliyokufa itoeni kwenye daftari, michanga iliyoanza kuzaa iingizeni, na mwiteni afisa ugani aje aione kwa macho yake.

Yule mama alikwenda na kikapu chake hadi ofisini, wakahesabu upya mbele ya karani.