Kifua Kukaa Kimya Si Kupona

Juzi mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka saba, mabega yakipanda kila pumzi. Mkobani alikuwa na pampu mbili: ya bluu imekwisha, ya kahawia ukiitikisa bado nzito. "Dokta, hii ya kahawia haimsaidii. Nilimpulizia akiwa amebanwa, hakupata nafuu. Halafu kifua kikatulia miezi miwili, nikajua amepona." Huyo alikuwa wa tatu wiki hiyo.

Jamani, kubanwa ni dalili tu. Pumu yenyewe imekaa kwenye utando wa ndani wa mirija ya hewa, na hukaa humo hata siku mtoto anapocheza mpira mpaka magharibi.

Utando ule una kazi. Ute wake hunasa vumbi na vijidudu, na vinyweleo vyake hupiga mara 10 hadi 20 kwa sekunde kuusukuma ute juu kuelekea kooni. Ukiguswa na virusi vya mafua au moshi wa kuni, huita askari wa kinga. Kwa mwenye pumu wito huo hauzimiki: utando unavimba, seli zake zinabanduka, ute unazidi na kuwa mzito, na misuli inayouzunguka mrija inashtuka kwa jambo dogo.

Salbutamol, ile ya bluu, inalegeza misuli ndani ya dakika chache na kwisha nguvu baada ya saa nne hadi sita. Uvimbe haiugusi. Ya kahawia ni steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Inatuliza utando polepole, kwa siku na wiki. Ukimpulizia aliyebanwa utaona kama umempa maji, kwa sababu umeipa kazi isiyo yake. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kabisa kushauri salbutamol peke yake, bila steroidi, kwa watu wazima na vijana kuanzia miaka 12.

Na hilo wasemalo wazazi, kwamba ya kahawia "itamzoesha" mtoto! Bluu ikipulizwa kila siku ndiyo mwili huizoea, nafuu ikapungua. Steroidi ina madhara mengine: fangasi mdomoni usiposukutua, na mtoto anaweza kupungukiwa karibu sentimita moja ya urefu. Sifichi, na linanisumbua kila ninapoandika dawa. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba haing'oi ugonjwa. Ukiiacha, uvimbe hurudi. Bado naiandika, kwa sababu nimeona watoto waliochelewa kufika.

Yule mtoto nilimtobolea kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, nikapachika pampu mpya ya bluu, akavutia mdomoni mwa chupa. Utafiti wa Cape Town wa 1999 ulionyesha chupa hiyo inatosha badala ya kifaa maalumu cha kuvutia dawa. Mabega yakashuka. Tukakubaliana na mama: pampu ya kahawia itakaa kikombe kimoja na miswaki, avute asubuhi na jioni, kisha ndipo apige mswaki na kusukutua.