Exsilium ya Waroma haikuwa tulivyodhani

Dhana: Exsilium, neno la Kilatini la uhamisho, ilikuwa adhabu ya kufukuzwa nchini.

Ukweli: Kwa sehemu kubwa ya enzi ya Jamhuri ya Roma, ilikuwa njia ya kuikimbia adhabu. Raia aliyeshtakiwa kwa kosa la kifo aliweza kuondoka kabla hukumu haijakamilika, akahamia mji wenye mapatano na Roma, kama Tibur, Praeneste au Napoli. Akishavuka, ndipo alipopigwa marufuku ya maji na moto: mtu yeyote asimpe vitu hivyo viwili, maana yake asithubutu kurudi. Cicero, wakili na mwanasiasa wa Roma, alilisema hili mahakamani bila kumung'unya maneno: exsilium si adhabu bali ni kimbilio na bandari ya kuiepuka. Mwaka 58 KK zamu ya kwenda exsilium ikawa yake. Nyumba yake ya mlima Palatino ikabomolewa, naye akarejea mwaka uliofuata.

Dhana: Mshairi Mroma Ovid ndiye exsul halisi, yaani mtu aliye katika exsilium.

Ukweli: Kisheria hakuwa. Mwaka 8 BK Kaisari Augustus, mtawala wa Roma, alimpeleka Tomis, leo Constanța nchini Romania, lakini kwa hadhi ya relegatus: uraia na mali yake havikuguswa. Ovid aliishikilia tofauti hiyo kwa nguvu alipomwandikia Augustus kumwomba huruma. Kwingineko katika mashairi yake alijiita exsul vilevile, na ni haki yake. Alifia hukohuko Tomis.

Dhana: Neno exsilium limetoka kwa solum, yaani ardhi.

Ukweli: Waroma wenyewe walilipenda elezo hilo, lakini wanaisimu wa leo hawalikubali.

Dhana: Lugha zilizotokana na Kilatini zilirithi neno hilo likiwa zima.

Ukweli: Essil ya Kifaransa cha kale ilibeba hata maana ya maangamizi, umbo exil lilirekebishwa baadaye kwa kufuata Kilatini. Wahispania kwa karne nyingi walisema destierro, kutoka tierra, ardhi. Exilio ilienea baada ya 1939, wafuasi wa Jamhuri ya Hispania waliposhindwa vitani na kukimbilia Ufaransa na Mexico. Wareno nao walikuwa na degredo, yaani kupelekwa uhamishoni, na hii kweli ilikuwa hukumu ya mahakama. Mwaka 1500 meli za nahodha Mreno Cabral ziliwaacha Malindi wafungwa wawili wa namna hiyo, wakiwa na amri ya kutafuta njia ya bara hadi kwa mfalme Mkristo waliyemwita Prester John.