Je, wajua juu ya nini majina ya Oscar yanabashirika, halafu kila mwaka mawili matatu yanatoroka?

Tarehe 23 Januari 2025, saa tisa na nusu mchana kwa saa zetu za Lubumbashi, kule Los Angeles bado alfajiri, tulikuwa watu wane kwenye lupango moja hapa Kamalondo, telefone moja tumeiegemeza kwenye chupa ya munkoyo, tunangoja wasome majina ya walioteuliwa kwa Oscar. Kila mtu alikuwa ameshaandika ya kwake kwenye daftari, majina matano kila kipengele. Ila yaya, mkubwa wetu, kwenye mstari wa dokumentari aliandika jina moja tu na nafasi nne akaziacha wazi: Soundtrack to a Coup d'Etat, ile filamu ya Mbelgiji Johan Grimonprez inayoeleza habari ya kuuawa kwa Lumumba, na ndani yake muziki wa jazi unapita mwanzo mpaka mwisho.

Nikamwambia, yaya, hiyo filamu ni dakika 150, ni jazi na hotuba za ONU, ule Umoja wa Mataifa, na maandishi ya kusoma kwenye skrini, nani kule Marekani atakaa nayo? Akanijibu: "Watakaokaa nayo ni wachache, lakini hao wachache wataiweka ya kwanza."

Majina yanasomwa kwa alfabeti. Black Box Diaries. No Other Land. Porcelain War. Hapo matatu yameshapita, yamebaki mawili, na mtu hapumui. La nne likatoka ni lile. Tulipiga kelele mpaka mama wa jirani akaja kuuliza nani amezaa.

Sasa lile jibu la yaya mimi nimekaa nalo muda mrefu, juu njo jibu lenyewe la swali ambalo watu wanauliza kila Januari: imekuwaje kuna watu wanabashiri majina karibu yote bila kukosea, halafu hao hao wanaangushwa na majina mawili matatu ambayo hakuna aliyeyawaza?

Tuanze na nani anapiga kura. Si watazamaji, na si kikundi kidogo cha majaji waliofungiwa chumbani kama kule kwenye tamasha la filamu la Cannes. Ni memba wa Akademia ya sinema ya Marekani, iliyoundwa 1927, leo wapiga kura wake ni kama 10,000, na wote ni watu wa kazi hiyohiyo: waigizaji, waongozaji, wapiga picha, wa sauti, wa mavazi, wa montaji yaani wanaokata na kuunganisha picha. Na wamegawanywa kwa matawi. Kwenye uteuzi waigizaji wanateua waigizaji, waongozaji wanateua waongozaji, wa dokumentari wanateua dokumentari. Kipengele cha filamu bora peke yake njo kinateuliwa na wote pamoja, na kile kiko na nafasi 10, vingine vingi vina nafasi 5. Kumbuka hii habari ya matawi, maana mbele itatusaidia sana.

Kubashiri kunawezekana kwa sababu Oscar inakuja mwisho wa foleni. Filamu zinaanza kuonekana Cannes mwezi wa tano, zinafuata za Venice, Telluride na Toronto mwisho wa mwezi wa nane na mwezi wa tisa, halafu Januari vyama vya watu wa kazi hiyo vinatoa orodha zao, chama cha waigizaji, cha waongozaji, cha maproduza. Na huyu mwongozaji aliye Akademia mara nyingi yuko pia kwenye kile chama cha waongozaji, mtu ni mmoja na moyo ni mmoja, kwa hiyo chama kikitoa majina yake matano ni kama umechungulia sehemu ya karatasi za kura kabla hazijafika kwa wahesabuji. Hapo hakuna uchawi wowote.

Golden Globe, tuzo nyingine ya sinema inayotolewa kabla ya Oscar, iko tofauti kidogo. Wanaopiga kura kule ni waandishi wa habari, Oscar hawaipigii kura, lakini nguvu yao ni nyingine: wanawakumbusha watu filamu gani waangalie. Mwaka huo wa 2025 Golden Globe ilitolewa tarehe 5 Januari na kura za uteuzi wa Oscar zikafunguliwa tarehe 8. Fernanda Torres wa Brazil akashinda ile Globe kwa filamu I'm Still Here, akasimama pale akaongea, na memba wengi ambao filamu yake ilikuwa imelala bila kufunguliwa sasa wakaifungua. Matokeo yake yeye akateuliwa, na filamu yenyewe ikaingia mpaka kwenye zile 10 za filamu bora, kitu ambacho kiliwapita wabashiri wengi sana. Siku tatu tu kati ya hotuba na kura!

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa naomba twende polepole kwa sababu kila mshangao unatokea hapa.

Watu wengi wanafikiri wanahesabu tu nani kapata kura nyingi. Hapana. Kila mpiga kura anaandika majina kwa mpangilio, la kwanza, la pili, mpaka la tano. Fanya hivi, chukua kwaya ya parokia, watu 60, wanatafuta nyimbo 5 za Pasaka. Unachukua 60 unagawa kwa 6, yaani zile nafasi 5 na moja ya juu, unapata 10, unaongeza 1: wimbo wowote ulioandikwa wa kwanza na watu 11 umeshaingia, kazi imekwisha, hata kama wale wengine 49 hawautaki kabisa. Sasa kuna wimbo mwingine, huo kila mtu anaupenda, wote 60 wameuandika wa pili au wa tatu, lakini hakuna hata mmoja aliyeuandika wa kwanza. Huo unatoka raundi ya kwanza kabisa, hauna hata karatasi moja kwenye rundo lake. Halafu nyimbo zenye rundo dogo zinaondolewa moja moja, na karatasi zao zinahamia kwa jina linalofuata ambalo bado liko mchezoni, mpaka nafasi 5 zijae. Umeona? Wimbo wa mama 11 wanaoupenda mpaka kulia unaushinda wimbo ambao kwaya nzima inausema "si mbaya".

Njo maana mimi sasa kabla ya kuandika jina kwenye daftari siulizi tena watu wangapi wameipenda hii filamu, najiuliza nani ataziruka zingine zote aiweke namba moja, na hao watu nikiwafikiria nawaona kweli au nawatunga?

Angalia mwaka 2023. Andrea Riseborough aliteuliwa kama mwigizaji bora kwa To Leslie, filamu iliyokuwa imeuza tiketi za karibu dola 27,000 tu kwenye majumba ya sinema, yaani pesa ambayo hapa kwetu hata nyumba ya maana hainunui. Hakuna kampeni ya mapesa, hakuna mabango. Ni waigizaji wenzake wakubwa tu walioanza kuambiana, angalia huyu mama alivyocheza, na wale walioangalia wakamwandika wa kwanza. Akademia ikachunguza ile kampeni yake, ikaamua uteuzi ubaki. Watu walishangaa eti katokea wapi, lakini ukishajua ile hesabu ya kwaya unaona kabisa alikotokea.

Na kinyume chake ni Greta Gerwig 2024. Filamu Barbie ikaingia kwenye 10 bora, yeye kama mwongozaji akaachwa, dunia nzima ikapiga kelele, eti filamu imejiongoza yenyewe? Kelele naielewa, na mimi iliniuma kwa sababu ile kazi ya kushika dunia nzima ya rangi moja bila kupoteza hadithi si kazi ndogo. Ila tazama nani alipiga kura. Filamu bora ni wote karibu 10,000 na nafasi 10. Mwongozaji ni tawi la watu mia kadhaa tu na nafasi 5. Chama kikubwa cha waongozaji, chenye maelfu ya memba pamoja na wale wa televisheni, kilikuwa kimemteua. Lile tawi dogo la Akademia likawachukua Nolan, Scorsese na Lanthimos kama chama, halafu mahali pa Gerwig na Alexander Payne likaweka Justine Triet wa Ufaransa na Jonathan Glazer wa Uingereza. Na haikuwa mara ya kwanza, 2019 chama kilimteua Bradley Cooper, tawi likamchukua Paweł Pawlikowski wa Poland, na filamu yake haikuwa hata kwenye orodha ya filamu bora.

Hiyo tabia ya kuangalia nje ya Marekani imekuja na watu. Mwaka 2015 na 2016, miaka miwili mfululizo, waigizaji wote 20 walioteuliwa walikuwa wazungu, ikawa kashfa kubwa, Akademia ikaanza kualika memba wapya kwa wingi, 2018 peke yake ilialika 928, na wengi walitoka nchi zingine. Kwa hiyo mtu anayebashiri leo kwa macho ya mwaka 2010 anakosea kila mwaka, na hajui juu ya nini.

Tawi la dokumentari njo lenye kichwa kigumu kuliko yote. Super/Man, dokumentari ya maisha ya Christopher Reeve, filamu iliyowaliza watu na baadaye ikashinda BAFTA, tuzo ya sinema ya Uingereza, haikufika hata kwenye zile 15 za mchujo wa kwanza. Wale watu wanapenda filamu inayojaribu umbo jipya, inayohatarisha kitu. Na ile ya Lumumba inahatarisha: inamweka Louis Armstrong, ambaye mwaka 1960 aliletwa kupiga tarumbeta Kongo na akafika mpaka hapa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwenye filamu moja na njama zilizokuwa zinapikwa wakati ule ule. Mtu wa kazi ya dokumentari akiona montaji ya namna ile hawezi kuiandika ya nne, ama anaichoka ama anaiweka juu. Yaya aliliona hilo kabla yetu.

Kwetu sisi kuna kitu kingine pia. Kura za uteuzi zilikuwa zifungwe mapema lakini moto mkubwa uliunguza Los Angeles, tarehe zikasogezwa, zikafungwa tarehe 17 Januari. Tarehe 17 Januari 1961 njo siku walipomshusha Lumumba kwenye ndege hapa Luano, na usiku ule ule wakamuua kule Shilatembo. Simaanishi chochote cha ajabu, ni tarehe tu, lakini mtu aliyekulia hapa na kupita ile barabara hawezi kuiona bila kunyamaza kidogo.

Ile ilinikumbusha maumivu ya mwaka uliotangulia, ya filamu Augure. Baloji, mwongozaji wake, ni mwana wa hapa, alizaliwa Lubumbashi 1978, filamu yake ya kwanza ndefu ilipata tuzo ya sauti mpya Cannes 2023 kwenye kile kipengele cha Un Certain Regard, na Ubelgiji ikaichagua iwe filamu yake ya Oscar. Hapa sheria ilikuwa nyingine: kila nchi ilikuwa inatuma filamu moja tu. Mwaka ule zilikubaliwa 88, kwanza zikachujwa mpaka 15, halafu 5. Augure haikufika 15. Watu hapa walisema wametunyima, na mimi nilisema hivyo, lakini nikiangalia sasa naona mlango wenyewe ulivyokuwa: kwenye zile 15 kulikuwa na The Zone of Interest, Perfect Days, Society of the Snow, filamu zenye mashine kubwa nyuma yao, na filamu ya uchawi na familia ya Kongo inahitaji kwanza mtu abonyeze aiangalie. Hesabu ya kwaya inamsaidia yule aliyesikilizwa. Wimbo ambao hakuna aliyeusikia hauna mama 11.

Siku ya tuzo yenyewe, tarehe 2 Machi, kwetu usiku wa kuamkia tarehe 3, ilishinda No Other Land. Mimi nilikuwa na huzuni, yaya hapana. Alinieleza kwamba kwenye fainali hesabu ya kwaya haipo tena, isipokuwa kwa filamu bora: memba wote wanapiga kura, kila mmoja anachagua moja, mwenye nyingi anachukua, na kule wachache wenye mapenzi makali hawatoshi.

"Mimi nilibashiri kuingia," akasema, "kushinda sikusema. Shi niliandika mwenyewe kwenye daftari?"

Nikafungua. Kweli, kwenye mstari wa dokumentari lile jina moja, na nafasi nne wazi.