Mbio za milimani Réunion: yanayosemwa na yaliyopo njiani

Kila Oktoba, mbio za milimani za Grand Raid zinapokimbiwa kutoka Saint-Pierre kusini hadi Saint-Denis kaskazini, picha za Réunion, kisiwa cha Ufaransa kwenye Bahari ya Hindi, husambaa na watu huanza kupanga safari. Wana haki, kwa sababu ni vigumu kupata kisiwa kingine chenye njia za miguu za kupendeza kiasi hicho. Shida ni maneno yanayoambatana na picha hizo. Mengine ni ya kupuuza tu, lakini mengine yanaweza kumgharimu mtu maisha.

"Kisiwa ni kidogo, njia zitakuwa fupi"

Ni kweli kwamba Réunion ina kilomita za mraba 2,512 tu. Lakini kilele chake, Piton des Neiges, kinapita mita 3,000 juu ya bahari, na ardhi iliyo kati ya kilele na pwani imekatwakatwa na makorongo na kuta za mawe. Vitongoji viwili unavyoviona kwa jicho moja vinaweza kutenganishwa na nusu siku ya kushuka mtoni na kupanda tena upande wa pili.

Ndiyo maana wenyeji wakiulizwa umbali hujibu kwa saa, na mbao za njiani nazo mara nyingi huandika muda. Wakimbiaji wa huko wana hesabu nzuri: kila mita 100 za kupanda, ongeza kilomita moja. Njia ya kilomita 15 yenye mita 1,500 za kupanda inahesabiwa kuwa 30. Grand Raid yenyewe ina takriban kilomita 165 na mita karibu 10,000 za kupanda kwa jumla. Bingwa huitumia takriban siku moja, mchana na usiku, huku wa mwisho wakipewa zaidi ya saa 60. Wengi wa hao wanaofika mwishoni si wataalamu wa kulipwa. Ni watu wenye kazi zao za kila siku, na wakazi wengi wa kisiwa wamo.

"Kazi ni kupanda, kushuka ni mapumziko"

Hapa ndipo wageni wengi huumia. Unaposhuka, misuli ya mapaja hukaza huku ikivutwa, ili kuzuia uzito wa mwili usikutupe mbele. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi za misuli kidogo kidogo, na maumivu huja kwa nguvu kesho yake au keshokutwa. Mapafu yenye nguvu hayasaidii chochote hapo.

Chukua njia inayotoka upande wa mji wa Cilaos hadi Col du Taïbit, kipito cha juu mlimani, kisha ikashuka kwenye kitongoji cha Marla. Ukianzia barabara ya Îlet à Cordes, kuna takriban mita 800 za kupanda, na upande wa pili zaidi ya mita 400 za kushuka. Sehemu kubwa ya njia za namna hii ni ngazi. Magogo yamelazwa kuvuka njia, na mvua imechimba udongo nyuma yake, kwa hiyo unakanyaga gogo jembamba au unatumbukia kwenye shimo lililo nyuma. Hakuna ngazi mbili zenye kimo kimoja, na gogo likilowa huteleza kama sabuni. Mtu aliyefanya mazoezi barabarani tu, hata kama ana kasi, atafika Marla miguu ikitetemeka. Mazoezi yanayofaa ni kushuka ngazi halisi, polepole kwanza, wiki nyingi kabla ya safari.

"Ni tropiki, baridi itoke wapi?"

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Pwani ikiwa na nyuzi 25, kwenye kilele cha Piton des Neiges zinaweza kubaki 6 au 7, kabla hujahesabu upepo na jasho. Julai na Agosti, wanaopanda usiku ili waone jua likichomoza hukuta barafu nyembamba juu ya mawe. Koti la mvua na nguo ya pili kavu si mzigo wa ziada.

Pia, asubuhi safi si ahadi ya mchana safi. Mara nyingi mawingu huanza kupanda mabondeni kuanzia saa nne hivi, na kabla ya saa sita kilele kimeshafunikwa. Anayetaka kuona njia yake aondoke kabla ya alfajiri.

"Hapa hakunyeshi, mto uko salama"

Sijui dhana ya hatari kuliko hii. Mashariki ya kisiwa hupokea upepo wenye unyevu kutoka baharini, ilhali magharibi hubaki kavu, na milima huzitenganisha pande hizo. Unaweza kuwa umesimama juani huku mvua ikipiga kwenye chanzo cha mto ulio mbele yako. Maji yakifika huja kwa ghafla, yakiwa na mawe na miti.

Kisiwa hiki kinashikilia rekodi za dunia za mvua. Januari 1966, sehemu ya milimani iitwayo Foc-Foc ilipata milimita 1,825 ndani ya saa 24, na Februari 2007, kimbunga Gamede kilipopita, kreta ya Cratère Commerson ilipata milimita 3,929 ndani ya saa 72. Msimu wa vimbunga huanzia Novemba hivi hadi Aprili. Ukiona maji ya kivuko yamebadilika rangi au kelele yake imeongezeka, rudi nyuma na usubiri mahali palipoinuka.

Tope na madimbwi nayo yana hatari yake: ugonjwa wa leptospirosisi upo kisiwani, na hupitia kwenye michubuko. Funika vidonda na usipuuze homa siku zinazofuata. Kwa upande wa nyoka wa kutisha na wanyama wakali, hofu hiyo iache nyumbani, hawapo.

"Mafate ni pori tupu"

Mafate ni bonde kubwa lililozungukwa na kuta za miamba, na hakuna barabara ya gari inayofika vitongoji vyake. Lakini watu wanaishi humo, mamia kadhaa, Marla, La Nouvelle, Roche-Plate, Aurère na kwingineko, wakiwa na shule, maduka madogo na nyumba za kulala wageni. Bidhaa nzito huletwa kwa helikopta. Mengine yote hupita kwa miguu, kwenye njia hizohizo unazozikimbilia.

Wa kwanza kujificha humo walikuwa watumwa waliotoroka mashamba. Wengi wao walitoka Madagaska, na wengine pwani ya Afrika Mashariki. Utumwa ulikomeshwa kisiwani Desemba 1848. Naona ni jambo la heshima kulijua kabla ya kupita mbele ya milango ya wakazi wa leo ukiangalia saa ya mkononi. Punguza mwendo, salimia, mpishe mwenye mzigo. Weka nafasi ya kulala mapema, beba yuro taslimu kwa kuwa hakuna mashine ya benki, na rudi na taka zako.

"Kibao cha kufunga njia ni ushauri tu"

Ni amri ya kisheria. Baada ya kimbunga Belal, Januari 2024, na Garance, Februari 2025, njia nyingi zilifungwa kwa maporomoko na miti iliyoanguka. Piton de la Fournaise vilevile: ni miongoni mwa volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani, lakini hufuatiliwa na kituo maalumu, na dalili zikionekana eneo la ndani, lililo karibu na kreta, hufungwa. Likiwa wazi, fuata alama nyeupe zilizopakwa kwenye mawe, na vaa viatu vyenye soli ngumu, kwani mawe ya lava yana ncha zinazokata.

"Maji kadiri unavyoweza"

Kunywa kwa kiu. Maji mengi kupita kiasi bila chumvi hushusha sodiamu mwilini, na hali hiyo inaweza kuua.

"Nikikwama, helikopta itakuja"

Waokoaji wa milimani wa jandarma, yaani polisi wa kijeshi wa Ufaransa, ni hodari na hupatikana kwa namba 112, ila helikopta haiwezi kutua ndani ya ukungu mzito, na mabondeni simu hukosa mtandao mara kwa mara. Huenda ukasubiri hadi asubuhi. Beba taa ya kichwani na betri ya akiba, filimbi, na blanketi jembamba la dharura, na kabla ya kuondoka mwachie mwenyeji wako jina la njia unayopita na saa unayotarajia kufika.