Insha ya kuombea chuo si lazima iwe kilio

Miongoni mwa vijana wa kidato cha sita Unguja na Pemba wanaoomba vyuo vya Marekani, kuna imani kongwe kwamba insha lazima ililie shida, tena kwa Kiingereza cha kamusi. Sivyo.

Imani hiyo ina asili yake. Vyuo vya hapa nyumbani huangalia zaidi alama za mtihani, kwa hiyo skuli hazina haja ya kumfundisha mtu kujieleza. Common App, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, huomba insha ya maneno 250 hadi 650. Msomaji anatafuta namna mwombaji anavyofikiri. Habari za kipato cha wazazi zina fomu zake mbali.

Mchukue kijana wa Wete aliyekulia kwenye karafuu. Akiandika "nimepitia magumu mengi," hajasema kitu. Akieleza anavyozianika juu ya jamvi, anavyovunja moja kwa vidole kujua kama imekauka, na alivyobishana na babu yake kuhusu wingu la mvua mpaka akaanza kuweka daftari la hali ya hewa, hapo tunamwona mtu.

Shida ikiwepo kweli, iandikwe. Isibuniwe tu, na wanaobuni wapo! Mwalimu arekebishe sarufi, sauti aiache. Kulea wadogo au kusaidia dukani nako huingia kwenye orodha ya shughuli ya Common App, yenye nafasi 10. Vyuo vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari.